Siku Tuliyomwendea Bi. Ghanima

Wanangu, mmenitaka nije nikuzungumzieni juu ya wanawake viongozi waliotajwa katika vitabu vya dini, imani yao na ushujaa wao. Nimekuja. Lakini tuelewane mapema: mie si mwanachuoni. Mie ni mkunga. Majina ya Bibi Maryam, mama yake Nabii Musa, mke wa Firauni na Malkia wa Sabaa nilisomeshwa chuoni, kwenye Kurani, nikiwa mtoto mtaa wa Malindi hapa Unguja, nikayahifadhi kama mtoto anavyohifadhi jina la mtaa. Kukutana nao khasa, nimekutana nao kazini.

Kwa hiyo darsa sina. Nitakuhadithieni yaliyonipata, nanyi wenye kuanza kazi mtachukua la kuchukua.

Na msidhani nilianza shujaa. Mara ya kwanza kuingizwa chumba cha kuzalishia nilikuwa nshajisifu nyumba nzima kwamba mie damu siiogopi. Kichwa cha mtoto kilipotokeza tu, nikaenda chini na beseni juu yangu. Nilipozinduka nilimkuta mzazi mwenyewe, mtoto wake kifuani, amejiegemeza kwenye mkono mmoja, ananipepea kwa upindo wa kanga yake. "Pole mwanangu," ananiambia. Yeye ndiye aliyezaa, na mie ndiye niliyepewa pole!

Aliyenikokota nje siku hiyo ni Bi. Persisi. Na huyu lazima nikujulisheni naye, maana bila yeye sina hadithi.

Bi. Persisi alikuwa mkunga mkuu wa kituo chetu, kituo kidogo cha vyumba viwili upande wa Tunguu. Enzi hizo Tunguu ilikuwa mihogo na minazi tu, msione majengo ya leo. Yeye alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Mbweni, mfupi, mnene kidogo, miwani yake imefungwa uzi mweusi pahala pa mkono uliovunjika. Kitabu chake kilikaa kwenye rafu ya dawa, na mswala wangu ulitundikwa msumari wa pili. Miaka yote ile hatukuwahi kubishana dini hata siku moja. Tulibishana chumvi ya mchuzi na nani aliyeacha mlango wa stoo wazi.

Somo lake la kwanza sikulitaraji litoke kwake. Palikuwa na mzazi mmoja akipiga kelele mno, nami nimechoka tangu alfajiri, nikamkemea: "Nyamaza! Wenzako wanazaa kila siku!" Bi. Persisi akanishika mkono mpaka ukumbini.

"Zuwena, wewe umesoma. Bibi Maryam uchungu ulipomshika alisema nini?"

Nikamwambia: alisema laiti angelikufa kabla ya hayo, akawa kitu kilichosahauliwa.

"Na Mola wake alimkemea?"

Nikajifanya nafunga ushungi.

"Nakuuliza. Alimkemea?"

"Hakumkemea. Alimpa maji na tende, akamwambia asihuzunike."

"Basi wewe ni nani hata umkemee huyu?"

Alikuwa amewazalisha Waislamu miaka ishirini, na hadithi zetu alizijua kutoka vinywani mwa wazazi wenyewe. Toka siku ile mkobani mwangu hamkukosekana tende tatu zilizofungwa kitambaa safi na chupa ya maji. Nyie mna madripu na mashine, alhamdulillahi. Lakini mzazi aliyekaa na njaa tangu asubuhi hana nguvu ya kusukuma. Mpe kitu kitamu, mpe maji, na mpe neno zuri. Hayo matatu hayahitaji umeme.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka ule wa Mapinduzi, miezi michache baadaye. Walio wakubwa hapa wanajua ilivyokuwa. Walio wadogo wawaulize wazee wao, kila nyumba ina hadithi yake. Mie nitakwambieni ya nyumba moja tu. Jirani na kituo chetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, alikaa Bi. Ghanima, mke wa Mmanga mmoja, Mwarabu wa Omani, aliyekuwa na kiduka cha unga na mafuta ya taa. Mumewe alikuwa ameshikwa pamoja na Waarabu wenzake, na yeye amebaki na watoto wawili wadogo na mama mkwe wake, bibi mtu mzima, na mimba ya tatu tumboni.

Bi. Ghanima alikuwa wetu. Tulimpima tangu mimba changa. Na mara ya mwisho alipokuja kituoni, Bi. Persisi aliweka kile kibomba cha mti tulichokuwa tukisikilizia moyo wa mtoto, akausikia moyo juu ya kitovu, akanitazama. Nikapapasa mie pia. Kichwa kilikuwa juu, kigumu, duara kama dafu. Mtoto alikuwa amekaa.

"Huyu atatangulia matako," Bi. Persisi alimwambia Bi. Ghanima. "Uchungu ukianza usijizalie nyumbani. Tuite."

Wiki ile ile akaja mtu kituoni na habari: nyumba ya Mmanga haingiliki wala haitokwi bila ya ruhusa ya watu wa kizuizi, na mtoaji wa ruhusa yuko mjini. Amri ile ilianzia wapi, mpaka leo sijui. Labda hata mjini hawakuijua. Lakini gogo lilikuwa limelazwa njiani, na pembeni yake, karibu na lori lao, walikaa wanaume wanne, mmoja na bunduki, na mkubwa wao tukimwita Kamanda.

Siku ya nne ya kizuizi kile, saa mbili asubuhi, jirani yake Bi. Ghanima akaingia kituoni anahema. Alipita mashambani. "Uchungu umemshika. Mkwewe anasema mje."

Nilikaa kitako. Nikasema, "Bi. Persisi, tumekatazwa."

Yeye alikuwa keshaanza kupanga mkoba. Mkasi, uzi, pamba, chupa ya dawa, vitambaa vilivyochemshwa. Akasema bila ya kunitazama: "Unamjua Firauni."

"Nani asiyemjua?"

"Katika kitabu chetu aliwaita wakunga wawili, akawaamuru: mkizalisha, mtoto akiwa mwanamume muueni. Wakunga, Zuwena. Watu wa kazi yetu hii. Hawakuwa na jeshi wala hawakuwa na mume mkubwa serikalini. Walimwogopa Mungu kuliko walivyomwogopa yeye, wakaendelea kupokea watoto kama kawaida yao." Akafunga mkoba. "Majina yao yameandikwa. La mfalme mwenyewe halikuandikwa, ameitwa Firauni tu, kama Firauni yeyote."

Hadithi ile kwetu naijua kwa upande wa mama yake Musa: yule aliyeingiwa na khofu ya mtoto wake, akaambiwa amtie mtoni na asikhofu wala asihuzunike. Sikuwa nimepata kuwafikiria wakunga. Nikasimama. Lakini nikamwambia, "Mie sendi ila uende na wewe."

Akacheka, wallahi alicheka, siku kama ile. "Hayo maneno alishayasema mwanamume, tena jemadari! Alimwambia hivyo hivyo Debora, mwanamke aliyekuwa akiwahukumu watu wake na kuwaongoza. Jemadari ana askari, ana silaha, anasema sendi vitani ila Debora aende. Na Debora akamjibu nini? Nitakwenda. Basi twende."

Tukachukua baskeli moja. Hapo pia pana la kuchekesha, maana buibui langu liliingia kwenye mnyororo karibu na mwembe wa njia panda, tukaanguka wote wawili na mkoba, na Bi. Persisi akalipasua kwa mkasi wa kukatia vitovu. "Huu tutauchemsha tena," akasema. Tukafika kizuizini mie nina buibui la upande mmoja.

Kamanda alikuwa amekaa juu ya gogo. Bi. Persisi akashuka, akajifuta vumbi, akasubiri. Yule bwana, pamoja na ukubwa wake, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tunakwenda kumzalisha mtu."

"Nyumba gani?"

"Wewe unaijua nyumba gani."

Akatazama chini. Kisha akasema, "Bibi, hiyo siwezi."

"Mie sikuombi ruhusa. Nakuarifu tu, usije ukashituka ukaona watu wanapita." Maneno yale aliyasema kwa upole, kama anavyosema mtu bei ya nazi.

Wale wanaume wakatazamana. Kamanda akasema: "Apite mmoja. Huyu mdogo. Wewe utakaa hapa mpaka arudi peke yake, na akitoka na mtu mwengine yeyote, wewe ndiye utakayejibu."

Nikageuka kumtazama Bi. Persisi. Nilitaka akatae. Yeye alivua mkoba begani, akanivisha mie.

"Debora ndiye wewe sasa," akasema. Akaenda akakaa juu ya gogo, karibu na Kamanda, akatoa ukili wake wa mkeka akaanza kusuka.

Nikaenda peke yangu.

Nilimkuta Bi. Ghanima amepiga magoti, ameshikilia kitanda, mkwewe anamkanda kiuno. Aliponiona peke yangu uso ulimbadilika. Nami nilijua anafikiri nini: huyu ndiye aliyepepewa na mzazi. Habari ile ilikuwa imefika kila nyumba. Nikampa tende na maji, nikanawa mpaka viwiko, nikamwambia, "Bi. Ghanima, mie na wewe tutalimaliza, inshallah."

Sasa sikilizeni, hili ni la kazi. Mtoto anayetangulia matako havutwi. Kila kiungo mwilini mwako kitakwambia vuta, na ukivuta anainua mikono juu, kidevu kinatoka kifuani, kichwa kinakwama, na hapo umemuua kwa mikono yako. Unamwacha ashuke kwa uzito wake. Bi. Persisi alinifundisha kufunga mikono yangu kifuani kama ninaswali, ili isinitoroke. Nikaifunga. Matako yakatoka, miguu ikatoka, mwili ukaning'inia mpaka kitovuni, na mie nimekaa natazama. Jasho lilinitiririka machoni na sikulifuta.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama yake Musa. Tukiwa chuoni nilidhani imani yake ilikuwa ni kutoogopa. Si hivyo. Moyo wake ulikuwa mtupu kwa khofu, tumesomeshwa. Imani yake ilikuwa ni kuufungua mkono na mtoto akaenda na maji, na mkono usimrudie kumkamata.

Mabega yakaja. Nikamfunika kitambaa asipate baridi, nikangoja nikaona nywele za kisogoni, kisha nikamshika miguu nikamnyanyua taratibu kuelekea tumboni kwa mamake, na uso ukatoka. Mwanamume. Hakulia. Nikamfuta mdomo, nikamsugua mgongo, nikampulizia pumzi ndogo ya mashavuni tu, mara mbili, mara tatu. Akakunja uso, akalia kwa hasira. Mkwewe akapiga takbira, nami nikalia pamoja na mtoto.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kondo la nyuma lilitoka, nikaligeuza nikalitazama kama nilivyofundishwa, na kipande kimoja hakikuwapo. Kimebaki ndani. Damu ikawa inakuja. Nikamweka mtoto ziwani maana ziwa linasaidia mji wa mimba kujikaza, nikalikanda tumbo mpaka likawa gumu, damu ikapungua, nikiachia inarudi. Ile haikuwa kazi ya mikono yangu tena. Ile ilikuwa kazi ya spitali, mjini, na upesi.

Nikauchukua mkono wa yule bibi mkwewe nikauweka tumboni. "Bonyeza hapa, bibi. Zungusha hivi. Ukichoka, usiachie. Mpaka nirudi."

Njia nzima nikifikiri nitasema nini. Nikiwatukana watanifukuza. Nikiwalilia watanionea huruma, na huruma hainyanyui gogo. Na nikimtoa kwa nguvu, Bi. Persisi yuko pale pale. Akanijia Malkia wa Sabaa. Barua nzito ya mfalme mwenzake ilipomfikia, yeye mwenye enzi kubwa, hakukurupuka kuamuru. Aliwakusanya wakubwa wake akawaambia: nishaurini katika jambo langu, sikati shauri mpaka mhudhurie. Wao wakataka kuonyesha nguvu zao, na yeye akawafikisha kwenye akili. Hakuwashinda. Aliwaingiza ndani ya jambo.

Nikafika na mikono yangu ina damu mpaka viwikoni. Wote wanne wakasimama. Bi. Persisi aliacha kusuka.

"Ndugu zangu," nikasema, "nina jambo zito, nataka mnishauri."

Kamanda akasema, "Amezaa?"

"Amezaa, mtoto mzima. Mama anavuja damu. Akifika spitali saa hii atapona, akibaki hatofika adhuhuri. Na nyie mna amri kwamba hatoki mtu. Amri mnaijua nyie, mie siijui. Basi nambieni: maiti anahitaji ruhusa kutoka?"

Yule mwenye bunduki akasema polepole, "Maiti hazuiliwi."

"Basi mnishauri. Nimngoje awe maiti ndio apite, au apite sasa?"

Kamanda alivua kofia, akajipangusa kipara chake. Nilimwona anahesabu mambo ambayo mie siyajui, watu wa juu yake, na watu wa nyumbani kwake. Mwisho akawageukia wenziwe akawauliza mmoja mmoja, kweli, kama baraza: "Wewe unasemaje? Na wewe?" Wa mwisho alipoitikia, gogo alikuwa keshaanza kulinyanyua yeye mwenyewe.

Lori lao ndilo lililompeleka. Tulimlaza juu ya magunia, mtoto kifuani, mkwewe bado anabonyeza tumbo na hakuna aliyeweza kumtoa mkono, na mie na Bi. Persisi tumepiga magoti huku na huku. Kabla ya kuondoka Kamanda alimuuliza Bi. Persisi, "Mie huko mjini nitasema nini?"

"Sema kweli. Sema wanawake walikuomba shauri, ukawapa zuri."

Bi. Ghanima alipona. Alikaa spitali, akatoka kwa miguu yake, na mumewe alipoachiwa waliondoka Unguja wote. Sikumwona tena. Yule mtoto akiwa hai ana mvi sasa.

Mnataka kujua kama tulipewa sifa. Mie nilipelekwa kaskazini, Mkokotoni na vijiji vyake, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa huko huko, cheo kile kile. Watu wa huko hawakunitaka mwanzo. Mkunga wao wa jadi alinifungia mlango, na mie, badala ya kumletea karatasi yenye muhuri, nikaenda kukaa kibarazani kwake kila alasiri kumuomba shauri, mpaka akachoka kunikimbia. Tukazalisha pamoja miaka sita. Lakini nimeruka. Turudi nyuma, kwenye siku tuliyoitwa ofisini.

Tuliitwa mjini, mmoja mmoja. Nilipoingia mie palikuwa na bwana mmoja mpole, akanikaribisha kiti, akaniletea chai. Kisha akasukuma karatasi. Imeandikwa tayari: kwamba mie, Zuwena, nililazimishwa na mkubwa wangu kuvunja amri, na kwamba sikuwa na hiari.

"Weka sahihi tu," akasema. "Yeye ni mtu mzima, karibu anastaafu, hana la kupoteza. Wewe bado mdogo. Kuna nafasi ya masomo inakuja, jina lako lipo."

Ile nafasi niliitaka, wanangu. Niliitaka kama mnavyozitaka nyie. Na nitakwambieni kweli, kalamu niliishika.

Mke wa Firauni hakuwa mtu wa dhiki. Alikaa ndani ya kasri, mto unapita chini, kila kitu anacho. Na dua yake ilikuwa nini? Alimuomba Mola wake amjengee nyumba nyengine, kwake Yeye, na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote duniani na akasema hii siitaki. Nilikuwa nshaisoma aya ile mara mia. Pale ofisini, chai inapoa, ndio niliisikia.

Nikaiweka kalamu.

"Bwana, hii si kweli. Mkubwa wangu alizuiwa njiani. Kwenye nyumba ile niliingia peke yangu, kwa miguu yangu, na aliyemtoa yule mama ni mie. Kama mnataka sahihi yangu, andikeni hivyo."

Akachukua karatasi nyengine. Akaandika upya, mstari kwa mstari, nami nikatia sahihi jina langu lote na la baba na la babu. Akaniambia kuanzia kesho mie nimehamishwa kaskazini, na Bi. Persisi ameachishwa kazi.

Nikatoka. Bi. Persisi alikuwa ukumbini kwenye ubao, mkoba mapajani. Nikamwambia kila kitu, kwa haraka. Nilidhani ataniombea dua. Akanigombeza!

"Mpumbavu wewe! Mie nishakula chumvi yangu. Ungeweka sahihi ukasome!"

"Sikuweza."

Alivua miwani akaifuta kwa kanga, akachelewa kuivaa. Kisha akasimama, akanitengeneza ushungi wangu kama mtoto anayepelekwa chuoni.

"Amekuja mtu hapa kunitafuta," akasema. "Mkewe yuko Mwanakwerekwe, uchungu umemshika tangu alfajiri."

"Bi. Persisi, wametutoa kituoni."

"Wamesema kuanzia lini?"

"Kuanzia kesho."

"Basi leo bado tu wakunga," akasema, akanipa mkoba niubebe. "Haya, nyanyua miguu."